Huruma Iliyomwacha Gollum Hai

Kila mara vijana wa Kanisa wanapokaa kuzungumzia filamu na vitabu vya mambo ya ajabu, vyenye majoka, wafalme waliopotea na pete zenye nguvu, swali la mwalimu huwa ni lile lile: humu ndani, Yesu ni nani? Nimeliuliza mwenyewe kwa miaka, na sasa naamini kwamba ni swali dogo mno, dogo kuliko hadithi zenyewe na dogo kuliko imani inayotaka kuzisoma. Aliyenifungua macho ni msichana wa darasa la kipaimara. Nilikuwa nimewaonyesha vijana sehemu ya tatu ya filamu ya The Lord of the Rings, iliyotokana na kitabu cha jina hilo, kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya ukumbi wa parokia, madirisha tukiwa tumeyaziba kwa khanga ili mwanga usiingie, na ilipokwisha nikauliza swali langu. Mmoja akasema ni Gandalf, yule mchawi, kwa kuwa alikufa akarudi amevaa nyeupe. Mwingine akamtaja Aragorn, mfalme anayerudi kukalia kiti chake cha enzi. Wengi walimchagua Frodo, kwa kuwa alibeba mzigo wa watu wote, yaani pete ya uovu iliyopaswa kutupwa motoni iangamie, akapanda nao mlimani. Nilikuwa naandika majina hayo ubaoni kwa furaha, msichana huyo aliponyoosha mkono akasema, “Mwalimu, lakini Frodo si alishindwa? Alifika pale juu akakataa kuitupa pete. Yesu hakukataa.”

Chaki ilibaki mkononi. Sikuwa na jibu siku ile, na nilipolitafuta niligundua kwamba pingamizi lake ndilo mlango wa kuingilia katika kitabu chote.

Kwanza, hata hivyo, kuna hofu ya wazazi ambayo haifai kupuuzwa. Wako wanaoona kwamba kitabu chenye mchawi hakina nafasi katika nyumba ya Mkristo, na katika nchi zetu hofu hiyo si ya kitoto. Uchawi kwetu ni tuhuma inayoua; Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo mara nyingi ulitokana na moshi wa kupikia miaka na miaka. Mzazi anayesikia kwamba mtoto wake anamshangilia mchawi ana haki ya kuuliza maswali. Lakini neno hilo limekosewa tangu mwanzo. Mchawi wetu ni mtu wa usiku na wa husuda, anayemdhuru jirani kwa siri. J. R. R. Tolkien, aliyekiandika kitabu hicho, alieleza katika barua ya mwaka 1954 kwamba Gandalf ni kama malaika aliyevaa mwili, na katika kitabu chenyewe imeelezwa kwamba yeye na wenzake walitumwa kuwatia moyo wanaopambana na uovu, wakakatazwa kuukabili ubabe kwa ubabe au kumtawala yeyote kwa hofu. Kwa Kiswahili ningemwita mjumbe.

Kilicho karibu na uchawi tunaoujua ni pete yenyewe, na hapo msomaji wa Kiswahili ana faida asiyokuwa nayo Mwingereza. Tembea barabara yoyote kubwa ya mijini kwetu, utazame nguzo za umeme na kuta za vituo vya daladala: zimebandikwa namba za simu za waganga wanaouza pete ya bahati, ya kuvuta wateja dukani, ya kumrudisha mpenzi aliyeondoka, ya kushinda kesi. Ahadi ni moja, kwamba ukivaa pete utakuwa na nguvu juu ya hiari ya mtu mwingine. Tolkien alichukua ahadi hiyo hiyo, akaifuatilia mpaka mwisho wake, na akaonyesha kwamba hata mtu mwema anayetaka kuivaa kwa ajili ya kutenda mema ataliwa nayo. Gandalf anapopewa pete anaikataa kwa sababu inayoshangaza: anasema kwamba njia ambayo pete ingeingilia moyoni mwake ni huruma, yaani kuwahurumia wanyonge na kutamani nguvu za kuwatendea mema. Ni mahubiri machache dhidi ya ushirikina niliyoyasikia yaliyoingia ndani kiasi hicho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba hadithi hizi ni uongo. Hapa wazee wetu walikwisha kutujibu. Msimulizi wa pwani anapoita “Hadithi! Hadithi!” wasikilizaji humwitikia “Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!” Wanauita uongo kwa sauti, wakijua kwamba uongo huo si ule wa mtu anayekula kiapo mahakamani kisha akapotosha. Ni mkataba baina ya msimulizi na wasikilizaji, na ndani ya mkataba huo jambo la kweli linaweza kusemwa ambalo lisingesemeka kwa njia nyingine. Nabii Nathani aliutumia mbele ya Mfalme Daudi. Hakumwambia kwanza kwamba amezini na kuua. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyelala kifuani pake kama binti yake, na tajiri aliyempora. Mfalme akawaka hasira, akatoa hukumu, na hukumu ikamwangukia mwenyewe.

Usiku wa tarehe 19 Septemba 1931 jambo hili lilijadiliwa na watu watatu waliokuwa wakitembea kwenye njia ya miti iitwayo Addison's Walk, katika Chuo cha Magdalen, Oxford. Walikuwa Tolkien, rafiki yake Hugo Dyson, na C. S. Lewis, ambaye baadaye angeandika hadithi za Narnia. Wakati huo Lewis alikwisha kumkubali Mungu, lakini hakuweza kuona kifo cha mtu mmoja miaka elfu mbili iliyopita kinamsaidiaje yeye. Alizipenda sana ngano za kale za miungu inayokufa na kufufuka, ila aliziita uongo, hata kama ni uongo uliopulizwa kupitia fedha. Tolkien alimjibu kwamba mwanadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Muumba, naye huumba, na ngano zake haziwezi kukosa kabisa chembe ya nuru aliyotoka nayo kwa Mungu. Baadaye aliligeuza jibu hilo kuwa shairi. Siku chache baada ya mazungumzo hayo Lewis alimwamini Kristo, na mwezi Oktoba alimwandikia rafiki yake wa utotoni kwamba habari za Kristo ni ngano ya kweli: inatugusa kwa namna ile ile inayotugusa ngano nyingine, tofauti ikiwa kwamba hii ilitokea.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanabadilisha mwelekeo wa kusoma. Kama Tolkien alisema kweli, maana ya Kikristo haiingizwi katika hadithi kwa siri, kama barua iliyofichwa ndani ya mkate apelekewao mfungwa, ili sisi tuukate mkate na kuutupa baada ya kuipata barua. Maana imo katika mkate wenyewe.

Kulinganisha kila mhusika na mtu wa Biblia kuna historia ya heshima, nami sitaki kukudharau. Mtakatifu Augustino aliusoma hivyo mfano wa Msamaria Mwema: aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi ni Adamu, wanyang'anyi ni shetani na malaika wake, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba hiyo ni Mtume Paulo. Usomaji huo umelisha imani za watu wengi. Lakini tazama kinachopotea ukibaki peke yake: yule mtu aliyelala kando ya barabara ya Yeriko akivuja damu, ambaye Yesu alitaka tumwone, anageuka kuwa alama, na alama haihitaji kufungwa jeraha.

Lewis, ambaye simba wake Aslan wa hadithi za Narnia anaonekana waziwazi kuwa Kristo, naye alikataa njia hiyo. Jina Aslan ni la Kituruki, maana yake simba. Alilikuta katika maelezo ya tafsiri ya Kiingereza ya Alfu Lela Ulela, na alikiri kwamba alimkusudia Simba wa kabila la Yuda. Hata hivyo mwaka 1958 alieleza kwamba hakuandika istiara ambayo kila kitu kinasimama badala ya kingine. Alikuwa amejiuliza: kama kungekuwa na ulimwengu kama Narnia, na Kristo akapenda kuchukua mwili humo, akafa na kufufuka humo kama alivyofanya kweli katika ulimwengu wetu, mambo yangekuwaje? Tolkien alikwenda mbali zaidi. Katika dibaji ya toleo la pili la kitabu chake, lililotoka miaka ya 1960, alitangaza kwamba haipendi istiara ya aina yoyote, akatofautisha kati ya hadithi inayomwachia msomaji uhuru wa kuitumia katika maisha yake na ile ambayo mwandishi anamshika msomaji mkono na kumburuta. Na bado ni yeye aliyemwandikia Mjesuiti mmoja, rafiki yake, mwezi Desemba 1953, kwamba kitabu kile kimsingi ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo ameondoa karibu kila kitu kinachofanana na dini, kwa kuwa udini wake umeyeyuka ndani ya hadithi.

Umeyeyuka wapi? Nitaonyesha mahali ninapopaona mimi, na hapo ndipo msichana wa kipaimara aliponipeleka.

Gollum alikuwa zamani mtu mdogo wa jamii ya hobiti, aliyeitwa Sméagol. Siku yake ya kuzaliwa alimnyonga rafiki yake kwa ajili ya pete, akajificha nayo chini ya milima kwa karne nyingi, mpaka akawa kiumbe cha giza kinachokula samaki wabichi na kuongea peke yake. Hobiti mwingine, Bilbo, anaiokota pete ile gizani, na wakati wa kutoroka anajikuta amesimama nyuma ya Gollum, yeye haonekani, upanga uko mkononi, na adui yake hana silaha. Hamchomi. Miaka mingi baadaye Frodo anapoambiwa mkasa huo anasema ni bahati mbaya kwamba Bilbo hakukiua kiumbe hicho kibaya. Gandalf anamjibu kwamba ni huruma iliyouzuia mkono wake, na kwamba hata wenye hekima kuliko wote hawajui mwisho wa mambo. Yawezekana huruma ya Bilbo itakuja kuamua hatima ya wengi.

Frodo haelewi siku ile. Anaelewa anapokutana na Gollum uso kwa uso kwenye miamba ya njia ya kwenda Mordor, nchi ya adui, yeye mwenyewe akiwa ameubeba mzigo ule shingoni kwa muda wa kutosha kujua unavyomla mtu. Anamwachia. Na kwenye mteremko wa mwisho wa mlima wa moto, Sam, mtunza bustani anayesafiri na Frodo na asiyempenda Gollum hata kidogo, ana upanga na ana kila sababu. Lakini naye aliwahi kuibeba pete kwa muda mfupi, na mkono wake unagoma kukipiga kiumbe kinacholia mavumbini. Ni watu watatu, na kila mmoja anamhurumia adui yule yule baada ya kuionja pete, kana kwamba huruma ya kweli huanza mtu anapojiona ndani ya mkosaji.

Kisha linatokea jambo ambalo filamu ya mwaka 2003 haikulithubutu. Kwenye filamu Frodo anapigana na Gollum ukingoni mwa moto na wanaanguka pamoja. Katika kitabu wanashindana pia, lakini si pambano linalomwangusha Gollum. Frodo anasimama mahali alipokuja kutupa pete, anasema wazi kwamba sasa hachagui kulifanya alilokuja kulifanya, na anaivaa. Safari yote imeshindikana. Gollum anamrukia, anamng'ata kidole pamoja na pete, anacheza kwa furaha, anakanyaga pasipokanyagika, anatumbukia. Uovu unajimaliza wenyewe kwa sababu kiumbe aliyestahili kufa aliachwa hai mara tatu na watu wasiojua watapata faida gani.

Wasomaji wengine hawakuupenda mwisho huo. Mmoja alimwandikia Tolkien kwa ukali kwamba Frodo alistahili kuuawa kama msaliti badala ya kutukuzwa. Yeye, katika barua za mwaka 1956, alijibu kwamba hakuna kiumbe, hata awe mwema namna gani, ambaye angeweza kuitupa pete pale ilipokuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote. Kwamba Frodo alitoa kila alichokuwa nacho hadi kikaisha. Na kwamba tukio hilo ni mfano wa maneno ambayo kila mmoja anayajua, ya Sala ya Bwana.

Wakatoliki wa Kiswahili tunayasali hivi: “Utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea, usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni.” Nimeitamka sala hiyo tangu sijajua kusoma, na nilikuwa sijawahi kulitazama neno kuopoa. Ndoo ikikatika kamba ikazama kisimani, huopolewa; mtu hushusha ndoano, huitafuta gizani, huinasa, huivuta. Ndoo haijiopoi. Waliochagua neno hilo, badala ya kusema tu utuokoe, walituwekea mdomoni picha kamili ya Frodo ndani ya mlima: amezama mahali ambapo nguvu zake mwenyewe haziwezi kumtoa, na anatolewa kwa ndoano ambayo yeye mwenyewe, bila kujua, aliitengeneza siku alipomsamehe mwenye kosa.

Jirani yangu Mwislamu nilimsimulia haya, akaniuliza swali la haki: huruma ni ya Wakristo peke yao? Si ya Wakristo peke yao, na yeye anamtaja Mwenyezi Mungu kuwa Mwingi wa Rehema mara nyingi kwa siku kuliko mimi. Ninachokiona kuwa cha Kikristo hasa ni mpangilio wa tukio. Shujaa hashindi ndipo akawa na ukarimu wa kusamehe. Anasamehe, kisha anashindwa, na anasimama tu kwa rehema ile ile aliyoitoa. Ni mfano wa mtumwa mwenye deni katika Mathayo 18, ila umegeuzwa: huyu alimwachia mjoli wake kwanza, ndipo likaja deni lake lisilolipika. Msichana alikuwa sahihi. Frodo si Yesu. Frodo ni mimi ninayesali Baba Yetu.

Na Mungu mwenyewe yuko wapi katika kitabu kisicho na hekalu na karibu kisicho na sala? Nadhani amefichwa katika sarufi. Gandalf anamwambia Frodo kwamba Bilbo alikusudiwa kuipata pete, na si na yule aliyeitengeneza. Kiswahili kinalibeba jambo hilo kwa urahisi: alikusudiwa, kauli ya kutendwa, mtenda hakutajwa. Msomaji anabaki na pengo mahali pa jina, na pengo hilo linasema kuliko jina lingesema. Wenye kupenda kuchimba wataona pia kwamba pete inaangamia tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa linaadhimisha Kupashwa Habari Bwana, na ambayo mapokeo ya kale ya Ulaya yaliihesabu kuwa ndiyo siku Kristo aliposulubiwa; na kwamba msafara wa wabeba pete uliondoka tarehe 25 Desemba. Ni mambo ya kufurahisha, lakini kama kitabu kingekuwa na hayo tu, kingekuwa kitendawili cha kalenda.

Kwa sababu hiyo sishawishiki upesi na wanaoikimbilia kila hadithi maarufu kuibatiza. Harry Potter, mchawi kijana wa mfululizo wa vitabu, aliyepigwa vita makanisani kwa miaka, katika kitabu cha mwisho cha mwaka 2007 anasimama mbele ya makaburi mawili yaliyoandikwa maneno ya Biblia, Mathayo 6:21 kwenye moja na 1 Wakorintho 15:26 kwenye lingine, na baadhi ya waliokuwa wakikilaani wakaanza kukisifu. Maneno ya kaburini hayatoshi kwa pande zote mbili. Inabidi kuuliza hadithi inaokolewa na nini: ikiwa ni kwa ngumi iliyo kubwa kuliko ngumi ya adui, basi hata ukiweka msalaba kwenye kila ukurasa itabaki hadithi ya ngumi. Na tukizoea kumwita Yesu kila anayekufa na kurudi, hatimaye watoto wetu watamjua Kristo kuwa shujaa mmojawapo kati ya mashujaa wa filamu, na si hata yule mwenye vita vya kusisimua zaidi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda darasani na kitabu chenyewe, nikawa nasoma na kutafsiri papo hapo. Niliwasomea maneno ya Frodo baada ya Gollum kutumbukia, anapomwambia Sam kwamba bila yule pete isingeangamia, basi wamsamehe. Nilidhani tutaishia hapo. Msichana yule akauliza kama Gollum mwenyewe hakupata nafasi ya kuokoka.

Alipata. Nilirudi nyuma kurasa nyingi, mpaka kwenye ngazi za mawe zinazopanda kuingia Mordor. Gollum anatoka kupanga usaliti wake, anawakuta Frodo na Sam wamelala, na uso wake unabadilika. Kwa dakika moja anaonekana mzee aliyechoka, aliyeishi kupita miaka yake na kupita watu wake wote, naye ananyoosha mkono unaotetemeka na kuligusa goti la Frodo, karibu kama anayembembeleza. Sam anaamka, anamwona, anamkaripia na kumwita mnyemeleaji. Macho ya Gollum yanarudi kuwa ya kijani, na dakika ile hairudi tena. Tolkien aliandika kwamba hapo ndipo palipomhuzunisha kuliko popote katika kitabu chake.

Kijana aliyekuwa amemchagua Aragorn aliniomba nimsomee tena neno lile la Sam, polepole, akitaka kujua kama kweli lilikuwa neno baya kiasi hicho.